Siku Wazee wa Ngamia Waliponitoza Mbuzi

Nyinyi mliofungua vibanda vya simu na kompyuta kuanzia Garissa mpaka Mandera, mniwie radhi, leo nina maneno na hayataisha upesi. Mimi ni Rukia. Wengi wenu mnaniita Mwalimu, ingawa darasa langu lilikuwa kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo hapa Garissa, na ubao wangu ulikuwa kioo cha kompyuta chenye ufa. Kazi yangu ilikuwa kuwawekea watu programu, kisha kuwatoa matatani programu hizo zilipowageuka. Sasa nimestaafu. Macho yamegoma, na kiuno nacho kimeunga mkono mgomo.

Nawaonea wivu, sifichi. Vifaa vyenu ni vyepesi, na mnachohitaji kukijua mnakiuliza simu. Lakini mteja wenu ni yuleyule wangu. Anataka kitu cha bure, kifunguke kabla hajapepesa macho, na kisimwulize swali hata moja. Kikimwuliza, anahama na kwenda kwa jirani.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mutua, Mkamba mrefu aliyehamishiwa huku na ofisi yake, akalalamikia joto kwa mwaka mzima, kisha akakataa kurudi kwao. Enzi hizo kazi ya mtu ilikaa kwenye disketi, na vumbi la Garissa lilipenda disketi kuliko lilivyopenda macho ya watu. Mutua alizifunga kwenye plastiki na kuziweka ndani ya mtungi mkavu uliofukiwa nusu mchangani, kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Siku moja mgeni mwenye kiu alitia kikombe kwenye mtungi usio wenyewe, akaibuka na barua zote za shule ya upili. Akauliza kama ni dawa.

Mutua alikuwa na desturi moja iliyonitisha mwanzoni. Kabla ya kumkabidhi mteja mashine, alimwambia akae aandike chochote, na mteja alipokolea kuandika, Mutua alichomoa waya wa umeme ukutani. Watu waliruka. Mwalimu mkuu mmoja nusura ampige kwa kiatu. Mutua alirudisha waya taratibu, mashine ikaamka, naye akasema, "Haya, tazama kama maneno yako yamo. Yakiwemo, chukua. Yasipokuwemo, heri umejua ukiwa hapa kwangu." Mpaka leo sijaona jaribio bora kuliko hilo. Nyinyi hamna waya wa kuchomoa, lakini mnaweza kuizima simu ya mteja mbele yake katikati ya kazi. Izimeni, kisha mtazame uso wake.

Sasa nicheke kidogo. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka kambi ya Ifo, mtu mcheshi sana, aliyeniletea laptopu inayopiga muziki wa harusi yenyewe kila adhuhuri. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwekea programu nzuri ya kuzuia virusi, nikaikuta ameifuta. Nikamwuliza kwa nini. "Ilikuwa inanigombeza kila siku, tahadhari, tahadhari, kama mama mkwe," akasema. Badala yake alinunua diski kwa mchuuzi wa miwani ya jua, imeandikwa "dawa ya virusi". Dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa virusi. Nikaisafisha mashine siku nzima. Wiki haikuisha, akarudi uso umemshuka, akaniomba nimrudishie muziki, kwa sababu wateja wake walikuwa wameuzoea na sasa kibanda kilikuwa kimya kama msiba. Nilimwekea wimbo peke yake, bila mdudu, akaondoka akicheza mabega. Hapo nilijifunza kwamba mtu hashikilii kitu kibovu bure, kuna jambo ndani yake analolipenda, na fundi akilitafuta jambo hilo nusu ya ugomvi imekwisha.

Na maneno ya siri! Kwa miaka nilijiuliza kwa nini wachungaji wetu wanaibiwa picha na ujumbe kirahisi hivyo, hali kila mmoja ananiapia kwamba neno lake la siri halijui mtu. Asubuhi moja nikaenda kukaa kisimani. Mnajua ngamia hawanywi ovyo, kila mwenye mali huwaita wake kwa jina waje kwa zamu. Basi nilikaa na kalamu, nikasikiliza watu wakipaza sauti majina ya majike wao wapenzi. Kesho yake, kwenye hoteli ya chai, nikawaomba simu zao na kuzifungua sita mfululizo kwa majina yaleyale. Nilidhani wataogopa. Wapi! Walifurahi kwamba Mwalimu anawajua ngamia wao. Mzee mmoja alinuna mpaka chai ikapoa, kwa sababu ya kwake sikuijaribu. Tangu hapo niliwashauri watumie jina la ngamia wanayemwonea aibu, yule mwenye mateke, na waliunganishe na maneno mengine matatu yasiyohusiana. Hilo walilikubali, maana ngamia wa aibu haitwi kwa sauti.

Mpaka hapa mtadhani nilikuwa fundi hodari asiyekosea. Kosa langu kubwa nalitaja sasa, na lilimhusu Habiba.

Habiba ni mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, kiongozi wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia mjini. Ukame mrefu ulipopita, wenzake walibaki na ngamia wawili au watatu. Yeye alibaki na mmoja tu, jike mweupe aliyeitwa Adey, naye alikuwa na mimba. Kundi zima ambalo Habiba aliota kulianza upya lilikuwa ndani ya tumbo la Adey.

Mvua ziliponyesha, mifugo ya watu ikachanganyika malishoni. Chapa ya moto haikutosha kuwatofautisha, kwa kuwa chapa ni ya ukoo, na ukoo una watu wengi. Ngamia wako na wa binamu yako hutofautishwa na alama za masikio, makovu, na jina la mama yake. Mambo hayo yalikaa vichwani mwa wachungaji, na ukame ulikuwa umewatawanya wachungaji. Kwa hiyo akina mama wakakata shauri wawe na daftari la ngamia ndani ya simu, lenye picha ya chapa, picha ya masikio, jina, jina la mama, na chanjo alizopata. Wakaniita.

Niliwapelekea programu niliyokuwa nimeijaribu kwa wiki mbili. Ilikuwa na kufuli, ilitoa nakala, na kabla ya kufuta kitu iliuliza mara mbili. Ilikuwa na ada ndogo ya kila mwaka. Mimi na Habiba tulizoeana kwa Kiswahili cha sokoni, chake kikiwa na b mahali pa p, na alinijibu mbele ya wote.

"Walal, dada yangu, hii yako inauliza baswadi kama askari ya kizuizi. Wewe nani, unatoka wabi, kitambulisho iko wabi. Mimi nataka kuona ngamia yangu tu!"

"Inauliza ili asiingie mwingine."

"Nani ataingia? Ngamia iko borini, haiko ndani ya simu."

Akatoa simu yake. Binamu yake wa Banissa, kule upande wa Mandera, alikuwa amemtumia programu nyingine, naye aliitoa kwa mwenye duka mmoja wa Takaba. Ilikuwa ya bure, inafunguka mara moja, haina kufuli wala maswali. Na kila ulipohifadhi picha, ililia kama ngamia. Akina mama walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa mtandio.

Niliishika ile simu nikaikagua. Nilitafuta jina la aliyeitengeneza, sikuliona. Nilitafuta mahali pa kutolea nakala, hapakuwepo. Nilijua kwamba ni kitu cha hatari, wanangu. Lakini sinia za wali na nyama ya mbuzi zilikuwa zimeshafika, watu wamechangamka, na mimi nilichoka kuwa mwanamke wa tahadhari kila siku. Nikasema, "Haya." Nikaiweka kwenye simu zote mchana huohuo, na kila simu ilipolia kama ngamia nilipigiwa vigelegele. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Miezi ikapita vizuri. Habiba alijivuna na daftari lake kila alipokwenda, hata mbele ya wazee wa ukoo, akiwaambia kwamba siku hizi ngamia wa akina mama hawapotei tena. Adey akazaa, jike mwingine mweupe. Kisha malishoni, mama na mtoto wakapotea.

Walipatikana upande wa Balambala, katika kundi la Mzee Gedi. Msimdhanie vibaya. Gedi ni mtu wa heshima, na ukame ulikuwa umempotezea jike wake mweupe aliyempenda sana. Alipomwona jike mweupe mwenye chapa ya ukoo wake anaingia zizini na mtoto, alimshukuru Mungu na kumfunga kamba. Wanawe wakasema ndiye, na pengo la sikioni amelipata huko alikopotea. Mchungaji aliyemjua Adey tangu kuzaliwa alikuwa amehamia mbali na hakuwa na simu. Wazee wakasema watakaa Alhamisi asubuhi, na wakamwambia Habiba alete lile daftari analojivunia.

Jumanne alikuja kibandani kwangu akitabasamu. "Rukia, fungua, unitolee bicha ya Adey."

Nikafungua. Ikalia kama ngamia, kisha kikatokea kitangazo cha nywele za bandia, na chini yake daftari tupu. Nikafungua simu ya mwenzake, nayo tupu. Tukapiga simu kwa wengine wote, jibu likawa lilelile. Mwenye programu, popote alipo, alikuwa ameibadilisha, na mabadiliko yake yalifuta kila kitu. Wala hakujua kwamba duniani kuna Habiba.

Habiba alikaa juu ya mtungi wa gesi, akaanza kufuta kioo cha simu kwa mtandio kana kwamba Adey amefichwa na vumbi. Nilitamani anitukane. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni, kwa sababu yeye hakujua, na mimi nilijua.

Fundi akipotelewa na kitu hukifuata kilikotoka. Nikampigia binamu wa Banissa, daftari lake lilikuwa tupu pia. Akanipa namba ya mwenye duka wa Takaba, mtu anayeitwa Issack, muuza kamba, tochi na sukari. Nilimsalimu, tukaulizana habari za mvua na mifugo kama inavyotakiwa, kisha nikamwuliza kuhusu daftari.

"Daftari iko," akasema. "Mimi naangalia kila siku."

"Daftari lako?"

"Yangu, na ya watu yote. Kuna kitu kidogo bale kona, ukibonyeza unaona ngamia ya kila mtu. Ya Garissa ndiyo tamu. Kuna jike moja nyeube, Adey, sikio yake ililiwa na fisi. Mashallah! Nimeangalia huyo mbaka bibi yangu akauliza huyu Adey ni nani."

Wanangu, nilicheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Mtu tusiyemjua, huko Takaba, alikuwa akiingia kwenye daftari letu kila akimaliza chai. Alijua nani ana jike mwenye mimba na analishwa upande gani. Bahati yetu ni kwamba alikuwa mtu mwema anayependa ngamia wazuri. Angekuwa mwizi, asingehitaji hata kupiga hodi.

Nikamwuliza imekuwaje lake halikufutika. Akaniambia intaneti ya Takaba ilikuwa imekufa siku kadhaa, simu za sauti tu ndizo zilizopita. "Lakini leo imerudi," akasema kwa furaha. "Ngoja niwashe, nikutumie."

"Usiwashe!" Nilipiga ukelele mpaka muuza majani wa jirani akatoka nje. Simu ile ikionja intaneti tu, programu ingejibadilisha na kufuta yote. Nikamwuliza anaongea nami kwa simu gani. Ile ndogo ya mkewe, na ina kamera na intaneti, alhamdulillahi. Nikamwelekeza polepole. Ile kubwa uilaze kwenye meza ya duka, intaneti imezimwa, mwanga wa kioo umepandishwa mpaka mwisho. Kisha kwa ile ndogo piga picha ya kioo, ukurasa baada ya ukurasa, wa Habiba kwanza. Issack alipiga kwa pupa, picha zikatoka ukungu, basi mkewe akamnyang'anya na kupiga mwenyewe. Alitaka amwone vizuri huyo Adey. Picha mbili zina kidole gumba chake pembeni, na nimezihifadhi hadi leo.

Mbinu hiyo ishikeni, hakuna chuo kitakachowafundisha. Programu ikikataa kukutolea kitu, kioo bado kinaonyesha, na kinachoonekana kinapigika picha. Na picha zikifika, zitieni kwenye karatasi. Mimi nilichapa kila ukurasa mara mbili, seti moja nikamwachia muuza majani, kisha Alhamisi alfajiri tukapanda gari la mapipa ya maji kwenda Balambala.

Wazee walizungumza Kisomali, nawaelezea kwa Kiswahili. Karatasi zilipita mkono kwa mkono. Zilipomfikia Mzee Gedi, alizishika mbali na macho, akatazama picha ya sikio lenye pengo, akamtazama Adey aliyesimama pale na mtoto wake ananyonya. Habiba alikuwa amenishika mkono na kunikaza mpaka vidole vikafa ganzi.

"Wangu alikuwa na masikio mazima," Gedi akasema mwishowe. "Niliona tangu siku ya kwanza. Moyo ndio uliokataa kuona."

Akainuka, akaifungua kamba na kumkabidhi Habiba kwa mkono wake mwenyewe. Habiba alipiga kigelegele kikubwa, mtoto wa ngamia akakimbia na ikabidi vijana wawili wamkimbilie. Mimi nililia. Nilimlilia hata Gedi, kwa kuwa aliyempoteza hakurudi.

Nikadhani tumemaliza. Mzee aliyeongoza kikao akauliza, "Na hili daftari lililojila lenyewe, nani alilichagua?" Akina mama wakatazama chini. Habiba akafungua kinywa ajitwike lawama, nikamtangulia. Nikasema ni mimi niliyeliweka, na kwamba siku ile niliona ubovu wake nikanyamaza. Nikajaribu kujitetea kidogo, kwamba mteja ndiye aliyependa cha bure. Mzee akaniuliza, "Mwenye kisima akiona kamba imechakaa, akampa mtu ndoo bila kusema neno, akitumbukia tumlaumu nani?"

Wakanong'onezana, kisha wakanitoza haal. Kwa asiyejua, haal ni kile anachotoa aliyekosea ili mwenzake aondoe kinyongo. Yangu ilikuwa mbuzi mmoja, pamoja na kuwawekea akina mama wote programu nzuri bila malipo, na kuwachapia daftari kila baada ya mvua. Nasikia mafundi wa Nairobi wanapewa vyeti ukutani. Mimi nina hukumu ya wazee wa ngamia, na sibadilishani na mtu. Mbuzi alichinjwa palepale, na ini akapewa Mzee Gedi. Alilila lote na kunitania kwamba nikiharibu tena, nilete mnono zaidi.

Jioni ile, kabla gari halijarudi, Habiba alimkama Adey, akanipa kikombe cha kwanza na kuchuchumaa kando yangu.

"Rukia, siku ile ya wali, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia kwa nguvu?"

"Niliogopa utakasirika."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akaanza kucheka, kicheko kile chake kinachosikika ng'ambo ya soko.

"Ningekasirika, ndiyo. Ningekasirika siku moja. Siku ya bili ningekuja kwako kuomba chai. Rukia, wewe uliogoba siku moja?"